Tope Likishaiva: Namna ya Kujua Kilichobaki Ndani Yake

Mwaka 1984 Walter Giger, mkemia wa taasisi ya maji ya EAWAG nchini Uswisi, pamoja na Paul Brunner na Christian Schaffner, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima tope la majitaka. Lilikuwa tope lililokwisha kukaa kwenye matangi yasiyoingia hewa, yaani tope ambalo fundi yeyote angesema limeiva: gesi imetoka, harufu imepungua, vijidudu vingi vya maradhi vimekufa. Ndani yake walikuta nonilfenoli, takriban gramu 1 katika kila kilo ya tope kavu. Hiyo ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini, na baadaye ikabainika kwamba huiga homoni ya estrojeni. Sehemu kubwa yake hakuna aliyeimwaga kwenye bomba. Ilizaliwa mtamboni, kutokana na sabuni.

Yeyote anayesimamia tangi la kumeng'enya tope, au anayeletewa tope hilo shambani kama mbolea, aanzie kwenye kisa hicho. Matangi haya hayako Ulaya peke yake. Mtambo wa Bugolobi jijini Kampala unayo, na gesi yake huzalisha umeme. Huko Ruai, nje ya Nairobi, majitaka ya jiji hupita kwenye mabwawa yenye kina ambamo oksijeni haifiki. Nchini Rwanda magereza yamekuwa yakielekeza vyoo vyake kwenye matangi ya gesi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gesi ikapikia chakula cha wafungwa, mabaki yakaenda bustanini. Kote huko kinyesi hakiingii peke yake. Kinaingia pamoja na sabuni ya kufulia, dawa za hospitali, mafuta ya gereji, viuatilifu na vipodozi.

Kwa kemikali hizo, tangi lina matendo matatu. Nyingine linazivunja mpaka zinakuwa gesi. Nyingine linazikata nusu nusu zikawa kitu kingine, na wakati mwingine kitu hicho ni kibaya kuliko cha kwanza. Nyingine linaziacha kama zilivyoingia. Tope lililotoka safi machoni na puani linaweza kuwa limebeba makundi yote matatu, na kazi ya msimamizi ni kujua kipi kimo kundi gani.

Kwanza, hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kemikali zinazopenda mafuta kuliko maji hazibaki kwenye maji yanayosafishwa. Hung'ang'ania chembe za uchafu na kushuka nazo hadi kwenye tope. Zikishafika humo, tangi hula uchafu lakini si lazima lile kemikali. Chukua tani 1 ya tope, ikihesabiwa kwa uzito mkavu, na asilimia 70 ya uzito huo iwe vitu vinavyooza. Tangi linaloendeshwa vizuri, kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, tope likikaa siku 20 hadi 25, linaweza kumaliza karibu nusu ya vitu hivyo. Kilo 350 zinageuka gesi, zinabaki kilo 650. Kemikali isiyovunjika iliyoingia ikiwa miligramu 10 kwa kilo itatoka ikiwa zaidi ya miligramu 15 kwa kilo, ingawa hakuna kilichoongezwa. Ni chumvi ile ile kwenye mchuzi uliokauka jikoni.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Kemikali iliyoingia ikiwa miligramu 10 kwa kilo na kutoka ikiwa 10 hiyo hiyo huonekana kama haikuguswa. Kumbe ziliingia gramu 10 na zimetoka gramu 6.5, zaidi ya theluthi moja imetoweka. Kwa hiyo ripoti yenye miligramu kwa kilo peke yake haimwambii msimamizi kama tangi limefanya kazi au la. Dai pia uzito wa tope kavu lililoingia na lililotoka, kisha zidisha. Ukikosa takwimu hizo mbili, usitoe hukumu yoyote.

Sasa sabuni, maana ndizo nyingi kuliko zote. Sabuni nyingi za unga zina kemikali iitwayo LAS, ambayo ndiyo inayong'oa mafuta kwenye nguo. Molekuli yake ina mkia mrefu ulionyooka wa kaboni na kichwa chenye pete ya benzini iliyobeba salfoneti. Kwenye mto wenye hewa, bakteria huanza kuula mkia ule kutoka nchani, na ndani ya siku chache kazi imekwisha. Lakini hatua ile ya kwanza kabisa inahitaji oksijeni ya hewani. Bakteria wa tangi lililofungwa hawana oksijeni hiyo, kwa hiyo hawapati pa kuanzia. Matokeo yake, tope lililoiva huweza kuwa na gramu kadhaa za LAS kwa kila kilo kavu, kiasi kinachopita kemikali nyingine zote zilizotengenezwa na binadamu humo ndani.

Je, hiyo ni hatari? Jibu linategemea tope linakwenda wapi. Likisambazwa kwenye udongo wenye hewa, LAS iliyobaki hupungua kwa nusu ndani ya siku kadhaa hadi wiki chache. Likimwagwa kwenye kinamasi au likifukiwa shimoni kwenye udongo uliojaa maji, itabaki. Denmaki, ambako tope jingi hurudi mashambani, haikutaka kubahatisha: iliweka kikomo cha miligramu 1,300 za LAS kwa kilo kavu, na pamoja nacho miligramu 10 kwa nonilfenoli na jamaa zake, 50 kwa DEHP ambayo ni kilainishi cha plastiki, na 3 kwa jumla ya kemikali za moshi na lami zijulikanazo kama PAH. Ikumbukwe kwamba agizo la Ulaya la mwaka 1986 kuhusu tope la kilimo liliweka vikomo kwa metali nzito tu. Denmaki ilikwenda mbele yake, na kwa maoni ya mwandishi huyu ilifanya vema: kikomo cha LAS kinamlazimisha msimamizi kulipa tope lake hewa kabla ya kulitoa.

Nonilfenoli ya Uswisi ni ya kundi la pili, la vitu vinavyobadilika. Sabuni za viwandani za aina ya nonilfenoli ethoksileti zina mnyororo mrefu unaopenda maji. Vijidudu huukata mnyororo huo kipande kwa kipande, kwanza kwenye sehemu ya mtambo yenye hewa, kisha kwenye tangi. Kila kipande kinapotoka, kinachobaki hupunguza kupenda maji na kuzidi kupenda mafuta. Mwishoni kinabaki kichwa kitupu, nonilfenoli yenyewe, ambayo ni sumu kuliko sabuni iliyoingia. Na hapo bila hewa safari inasimama. Anayeagiza maabara ipime sabuni ya awali pekee ataambiwa imekwisha, naye ataamini kazi imefanyika.

Mtego huo huo upo kwa DDT, dawa ambayo historia yake Afrika Mashariki ni ndefu. Mahali pasipo na oksijeni, DDT hupoteza klorini moja na kuwa DDD. Karatasi ya maabara iliyopima DDT tu itaonyesha imeshuka, ilhali mtoto wake yumo na sumu bado ni sumu. Kanuni ya kushika: ukiagiza kipimo cha kemikali yoyote, agiza na watoto wake.

Lakini tangi lisilo na hewa lisisingiziwe kila ubaya. Kuna kazi ambayo hewa haiiwezi na tangi linaiweza. Kemikali zilizojaa klorini, kama zile za kufulia nguo bila maji na kusafishia vyuma, zinakataa kuungua polepole kwenye hewa, lakini bakteria fulani wa mahali pasipo na oksijeni huzipumua kama sisi tunavyopumua oksijeni, wakizing'oa klorini moja baada ya nyingine. Mmoja wao alipatikana kutokana na tope la tangi la majitaka la mji wa Ithaca, jimbo la New York. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza kwamba wamemtenga: aliweza kuichukua tetrakloroetheni yenye klorini nne na kuifikisha hadi etheni, gesi isiyo na klorini hata moja. Leo jamaa zake hupandwa ardhini makusudi kusafisha maji ya visima yaliyochafuliwa.

Tahadhari moja tu. Kabla ya kufika kwenye etheni, mnyororo hupitia kloridi ya vinili, ambayo husababisha saratani. Bakteria wa hatua ya mwisho wakikosekana, au tangi likipoa, kazi hukwama hapo njiani. Kemikali za PCB nazo, zile za mafuta ya transfoma za zamani, hupunguziwa klorini kwa mtindo huo, ila kwa mwendo wa taratibu mno. Siku 25 za tangi haziwatoshi bakteria, na pete inayobaki huhitaji hewa ili ivunjwe.

Dawa za binadamu hazina kanuni moja, na ndiyo maana zinahitaji kutajwa kwa majina. Septrini, ambayo kwa miaka mingi imetolewa kila siku kwa watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi ili kuwakinga na maambukizi mengine, ina sulfamethoxazole. Hiyo huvunjika vizuri kwenye tangi. Sipro (ciprofloxacin), dawa nyingine ya kuua bakteria, haifanyi hivyo. Uchunguzi uliofanywa Zurich ulionyesha kwamba dawa za jamii ya sipro hujishikiza kwenye tope kwa nguvu, hupita tangini bila kupungua kwa kiasi cha maana, na kutoka zikiwa miligramu kadhaa kwa kilo kavu. Carbamazepine, dawa ya kifafa, nayo haiguswi, ila sehemu kubwa yake hukaa kwenye maji badala ya tope. Ethinilestradioli ya vidonge vya uzazi wa mpango huvunjika kwa shida sana. Hospitali yenye tangi lake la gesi ina sababu zaidi ya moja ya kutomwagia mboga mabaki yake.

Triklosani ni mfano mwingine wa kitu kinachong'ang'ania. Ilitiwa kwenye sabuni za kuua vijidudu kwa miongo mingi, ikajaa kwenye tope, na tangi halikuweza kuipunguza kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipiga marufuku pamoja na kemikali nyingine 18 kwenye sabuni za kunawia za majumbani, baada ya watengenezaji kushindwa kuthibitisha kwamba ni salama na kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Kuhusu PFAS, kemikali za povu la zimamoto, vyombo visivyonata na vitambaa visivyolowa, maelezo ni mafupi: hakuna tangi la tope linalozivunja. Baadhi ya kemikali za ukoo huo hubadilika humo na kuwa PFOS na PFOA, zile zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 na 2019, kwa hiyo tope linaweza kutoka na nyingi zaidi ya zilizoingia. Jimbo la Maine nchini Marekani, baada ya mashamba yake kukutwa na PFAS zilizotokana na tope, lilipiga marufuku kabisa mwaka 2022 kutandaza tope mashambani.

Vipo pia vinavyotoroka kwa juu. Siloksani za shampuu na vipodozi huondoka na gesi. Gesi ikiungua kwenye injini ya umeme, siloksani hugeuka unga mgumu wa silika unaokwaruza silinda na kuganda kwenye plagi. Mtambo unaouza umeme uweke kichujio cha kaboni kabla ya injini, na ukibadilishe kabla hakijashiba.

Kupima ndiko kunakotaka uangalifu wa mikono. Makosa mengi hutokea kwenye bomba la kutolea tope, kabla maabara haijagusa kitu. Kwa sabuni, PAH, PCB na vilainishi vya plastiki, tumia chupa ya kioo iliyosuuzwa maabarani kwa asetoni, si iliyooshwa kwa sabuni ya unga, maana sabuni hiyo ndiyo unayoitafuta. Ndoo ya plastiki na mpira laini wa kunyonyea hutoa vilainishi vyenyewe, kwa hiyo chota kwa kijiko au jagi la chuma cha pua. Funika mdomo wa chupa kwa karatasi ya aluminiamu kabla ya kifuniko. Usijaze mpaka juu: tope bado liko hai na linatoa gesi, na chupa iliyojaa inaweza kupasuka njiani. Kinyume chake, kwa kemikali zinazoruka kama tetrakloroetheni, jaza kachupa kadogo hadi ukingoni pasibaki hewa. Kwa PFAS geuza kabisa, tumia chupa ya polietilini, kwa kuwa kioo huzinasa, na usivae koti la mvua wala kufunga mabomba kwa utepe wa tefloni siku hiyo. Zote ziende kwenye kisanduku chenye barafu, gizani, zifike maabarani haraka.

Halafu kuna suala la muda. Tope linalotoka leo liliingia wiki tatu zilizopita, tena likiwa limechanganywa na la siku nyingine nyingi. Sampuli ya kuingia na ya kutoka zilizochukuliwa asubuhi moja hazihusiani. Chukua kidogo kila siku kwa wiki nzima upande wa kuingilia, changanya. Kisha subiri muda ule ambao tope hukaa tangini, ufanye vivyo hivyo upande wa kutokea. Kila sampuli ikaushwe sehemu yake kwa nyuzi 105 ili kupata uzito mkavu, na kuchomwa kwa nyuzi 550 ili kujua kiasi cha vitu vinavyooza. Vipimo hivi viwili vinahitaji oveni, tanuri na mizani tu, na bila hivyo ripoti ya bei kubwa kutoka maabara ya ng'ambo haina mahali pa kusimamia.

Tangi lenyewe nalo huongea. Gesi ikishuka ghafla, asidi zikapanda na pH ikateremka chini ya 6.8, huenda kuna aliyemwaga kitu kwenye bomba kuu. Vijidudu vinavyotengeneza methani ni dhaifu mbele ya kloroformu na viyeyushi vya jamii hiyo, hata vikiwa kidogo. Usikimbilie chokaa peke yake. Mtume mtu afungue mashimo ya ukaguzi upande wa viwanda siku hiyo hiyo, kabla maji hayajafuta ushahidi.

Baada ya tangi, dawa ya makundi mengi ni hewa. LAS na, kwa mwendo wa polepole zaidi, nonilfenoli huvunjika tope likitandazwa kwa tabaka jembamba kwenye vitanda vya mchanga na kupinduliwa, au likichanganywa na pumba za mbao na kugeuzwa kama mboji kwa wiki kadhaa. Vilainishi vya plastiki na PAH nyepesi nazo hupungua hapo. Rundo refu lililoachwa bila kuguswa halihesabiki kuwa limepata hewa. Chimba kwa koleo, na ukikuta ndani ni jeusi na linanuka yai bovu, ujue humo bado ni tangini. Kupandisha joto la tangi hadi nyuzi 55 kunaua vijidudu vya maradhi zaidi na kuharakisha baadhi ya kazi, lakini hakumpi bakteria oksijeni asiyokuwa nayo. Wala hewa haitaondoa PFAS, dioksini au PCB nzito. Hizo dawa yake ni kuzizuia zisiingie.

Uswisi ilifanya hivyo. Badala ya kujenga matangi ya ajabu, mwaka 1986 ilipiga marufuku nonilfenoli ethoksileti kwenye sabuni za kufulia, na viwango kwenye tope vikashuka. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa kubana matumizi yake kuanzia Januari 2005. Mamlaka za maji za Afrika Mashariki zina uwezo huo huo mikononi: kibali cha kuunganisha kiwanda, gereji, hoteli au hospitali kwenye bomba la umma kinaweza kudai orodha ya kemikali zinazotumika, na kunyimwa kwa asiyeitoa. Ni hatua ya karatasi na ukaguzi, nafuu kuliko teknolojia yoyote itakayoletwa baadaye kuchuja kilichokwisha changanyika.

Kwa mkulima anayeahidiwa tope la bure, maswali ni matatu, nayo yaulizwe kabla lori halijainua tela. Majitaka haya yanatoka wapi, majumbani tu au na viwandani? Tope lilikaa kwenye hewa muda gani baada ya kutoka tangini, na liligeuzwa mara ngapi? Iko wapi karatasi ya maabara inayotaja kemikali na watoto wake, si metali nzito pekee? Asiyeweza kujibu yote matatu aondoke na tope lake.